Chuma Kilichonyimwa Jasho

Siku ya kwanza niliyoingia katika karakana ile, mzee wa beseni alinikaribisha kwa kutoa uzi mweupe mfukoni, akauingiza katika tundu la kulia la pua yake na kuuchomoa katika tundu la kushoto. Akashika ncha zote mbili, akauvuta huku na huku taratibu, macho yake yakinipima kama nitakimbia. Sikukimbia. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi majuzi tu, nina koti jeupe nililolipiga pasi mwenyewe, na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Nikamwambia huo si mchezo, ni ugonjwa: mvuke wa kromu umeula ukuta wa pua.

"Najua, mama," akanijibu akicheka. "Minye napumua hii maji miaka mingi. Weye utapima bintu. Minye njo napika."

Kazi yetu pale Likasi ilikuwa kufufua fimbo za chuma. Malori ya migodini, pampu, jeki za mashine kubwa, vyote vina fimbo inayoingia na kutoka, na vumbi letu jekundu huitafuna mpaka ikalegea. Wateja walituletea zilizolika, au tuliwachongea mpya kutoka ekseli za malori yaliyokufa, chuma kikali kweli kweli, kisha mzee akazitumbukiza katika beseni la kromu. Maji ya beseni yalikuwa mekundu ya kuiva, karibu meusi, na umeme ukiwashwa yalitokota bila moto. Mapovu yalipanda kutwa, yakapasuka, yakaacha ukungu wa kahawia uliotukaba koo. Fimbo iliingia asubuhi ikiwa imepauka, ikatoka alasiri ikiwa kioo.

Zamu yangu ilianzia hapo. Nilikuwa na chumba kidogo chenye dirisha moja, ambacho wote walikiita labo, na ndani yake mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa na kijiwe cha almasi kilichochongwa ncha nne. Unakishusha polepole juu ya kromu kwa uzito mdogo, kinaacha alama ya mraba ambayo jicho tupu haliioni, halafu unaipima chini ya hadubini. Alama kubwa, ngozi laini. Alama ndogo, ngozi ngumu. Mashine ya pili ilikuwa na magurudumu mawili ya jiwe yaliyosaga kisahani kilichopakwa kromu mizunguko elfu moja, kikipimwa kwenye mizani kabla na baada, ili nijue kimelika kiasi gani. Fimbo yenyewe hatukuigusa, ingeharibika. Tulikata kisahani kutoka chuma kilekile, tukakipika katika beseni lilelile pamoja na fimbo yake, na mimi nikakitesa hicho.

Nilizipenda namba zangu kupita kiasi. Watu hudanganya, na huko nilikokulia wanadanganya kwa ufundi, lakini alama ya almasi haina ndugu wala rafiki. Mtu akibishana nami juu ya bei ya unga nilikuwa namwambia alete karatasi.

Sasa mzee huyu alikuwa na miiko yake. Fimbo ikitoka katika beseni, aliifunika palepale kwa blanketi la kijivu kama la hospitali. Hakuna aliyeruhusiwa kujitazama sura yake juu yake. Kabla jua halijazama ilibebwa na wanaume wawili, bila mazungumzo, mpaka chumba cha nyuma palipokuwa na tanuru la umeme, pamoja na kisahani chake, ikalala humo katika joto mpaka kesho yake. Hilo aliliita kufukiza. Alisema chuma kikitoka katika maji yale ni mgonjwa, lazima kitoke jasho. Na mwanamke haingii katika chumba cha kufukizia, hata awe nani.

Nilimwuliza kwa nini.

"Njo vile batu ba zamani balituonyesha."

"Kwa nini walifanya hivyo?"

"Balituonyesha vile, mama. Ukiacha bila kufukiza, italia."

Mwanamke haingii! Hilo ndilo lililonichoma. Mimi niliyekuwa na diploma, nisubiri nje ya mlango kama mtoto mdogo, nikabidhiwe kisahani asubuhi kikiwa bado na uvuguvugu. Siku moja, kwa hasira tu, niliinua pembe ya blanketi mzee alipokwenda kunawa, nikajitazama. Sura yangu ilikuwa imevutwa kwa urefu, nyembamba kama kidole, macho yamesogea pembeni. Nilitabasamu ili nijikejeli. Nitaandika nilivyoona, na msomaji akitaka acheke: sura ile ilitabasamu baada yangu. Si kwa muda mrefu, kitambo cha kupepesa jicho. Nilirudisha blanketi, nikajiambia ni uchovu na mvuke, na sikumwambia mtu.

Mwaka huo tulipata chef mpya, yaani mkuu wa karakana. Sitaki asomwe kama mtu mbaya, kwa sababu hakuwa. Alituletea glavu na barakoa za kweli, alilipa mishahara kwa wakati, na alikuwa shemasi katika kanisa moja la uamsho, mtu wa maombi kuanzia soli ya kiatu mpaka kofia. Kila asubuhi kabla ya kazi tuliomba tukiwa tumesimama mduara. Wiki ya pili aliliona lile blanketi, akaona wanaume wawili wakibeba fimbo kimya kama jeneza, akauliza kinachoendelea. Alipoelezwa, uso ulimbadilika.

"Hapa haiko kwa munganga," alisema mbele yetu sote. "Chuma haiko muntu. Haiko na jasho. Na ile tanuru inakula courant ya umeme usiku mzima juu ya mambo ya giza?"

Mzee akatazama chini. Akanyoosha pembe ya blanketi lake.

Chef akanigeukia. "Mama, weye uko na masomo. Pima moja yenye balifukiza, na moja yenye habakufukiza. Namba itasema."

Nilifurahi; sitaficha. Nilikata visahani viwili kutoka ekseli moja, vikapikwa pamoja, kimoja kikaenda kufukizwa na kingine kikabaki mezani kwangu. Nilivipima kwa uangalifu ambao sijawahi kuwapa watu. Kile kisichofukizwa kilikuwa kigumu zaidi kidogo. Kwenye magurudumu, vililika sawasawa. Nikaandika ripoti kwa Kifaransa safi: kufukiza hakuongezi ugumu wala hakuzuii kulika, kinyume chake, kunapunguza ugumu kidogo. Nikaweka mkono wangu chini yake. Kila neno la ripoti ile lilikuwa kweli, na mpaka leo lingepita mbele ya mwalimu yeyote.

Tanuru likazimwa. Mzee alikunja blanketi lake, akaliweka kwenye mfuko wa plastiki, akaja kuniaga labo. Alikuwa anakwenda kukaa kwa watoto wake kijiji kimoja kando ya ziwa Tshangalele. Alisimama mlangoni akiangalia mashine zangu mbili.

"Unapima paka ngozi, mama," akasema. "Ngozi tu." Hakuwa na hasira. Ningependelea awe na hasira.

Baada ya hapo kazi ilikwenda mbio. Fimbo iliyoingia Jumatatu mteja aliichukua Jumatatu hiyohiyo. Wateja walitusifu, chef alimshukuru Mungu kwa sauti, na mimi nilipandishwa cheo cha maneno: waliniita daktari. Ila katika chumba cha kuhifadhia, pale zilipolala fimbo ambazo wenyewe walichelewa kuzifuata, vijana wa zamu walianza kusema wanasikia kitu. Tik. Kisha kimya kirefu, mtu akisahau, tik tena. Mmoja alisema panya. Mwingine alisema mzee ametuachia kintu. Chef alipaka mafuta ya maombi kwenye kila rafu, na tukaimba. Mimi nilisema ni mabati ya paa yakishika joto, na nilisema hivyo kwa dharau.

Kisha akaja kaka yangu mkubwa.

Yeye aliendesha winchi katika mgodi mdogo upande wa barabara ya kwenda Buluo, shimo moja refu la kusimama wima, watu wanashushwa na kupandishwa ndani ya kikapu cha chuma kwa waya. Baba alipokufa ndiye aliyenilipia chuo, kwa mikono ileile inayoshika usukani wa winchi. Fimbo ya breki yake ilikuwa imelika mpaka inacheza. Aliniletea yeye mwenyewe, imefungwa katika gazeti, akaiweka mezani kwangu kwa mikono miwili.

"Mudogo, hii njo inashika batu," akasema. "Nikisimamisha kikapu katikati, ni hii tu. Fanya muzuri."

"Yaya, weye lala usingizi," nikamwambia; yaya kwetu ni kaka mkubwa.

Tulimchongea mpya kutoka ekseli, chuma kikali kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Kisahani chake nilikipiga alama tano badala ya tatu. Nilikizungusha mizunguko elfu, nikakipima, nikakizungusha tena. Namba ya ugumu wake ilikuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika katika daftari langu. Niliiandika kwenye cheti kwa tarakimu kubwa, nikapiga muhuri, na Jumamosi adhuhuri kaka yangu aliondoka na fimbo begani na cheti mfukoni, akiniahidi atakibandika ukutani ili wenzake waone dada yake anavyoandika.

Wengine waliondoka saa saba. Mimi nilibaki ili nisafishe. Kisahani kile nilikirudisha kwenye mashine na kukikaza nati kwa spana ndefu, nikitaka kukipa mizunguko mingine Jumatatu, kwa raha zangu tu. Mara umeme ukakatika, kama kawaida yake. Feni ikasimama, beseni likaacha kutokota kule ukumbini, na karakana yote ikatulia.

Tik.

Niligeuka. Magurudumu yalikuwa yamesimama. Dirisha limefungwa. Nikasogea mpaka kwenye mashine, nikaweka kidole juu ya kisahani. Kilikuwa baridi. Nilingoja mpaka nikajiona mjinga, na ndipo kikafanya tena, chini ya kidole changu: tik, kitu kidogo kilichopita katika kucha na kuingia mfupani. Nikakitazama kwa lenzi, upande hadi upande. Kromu ilikuwa safi, na ndani yake lilikuwemo jicho langu, kubwa, limejaa sahani nzima.

Nilifunga mlango, ufunguo nikauvaa shingoni. Napenda kusema nilitoka nikitembea, si mbio.

Jumapili kanisani sikuomba hata sala moja mpaka mwisho. Paroko alipokuwa anahubiri, mimi nilikuwa nasikiliza viti.

Jumatatu asubuhi kisahani kilikuwa vipande viwili. Kimepasuka kutoka tundu la katikati hadi ukingoni, pande zote mbili, kama mkate umekatwa. Nati ilikuwa bado imekazwa. Vumbi la juu ya meza halikuwa limeguswa, na ufunguo ulikuwa umelala kifuani pangu tangu Jumamosi. Hakuna aliyeingia. Chuma kigumu kuliko vyote nilivyowahi kupima kilikuwa kimejivunja chenyewe, katika chumba kilichofungwa, bila mtu wala mzigo.

Nilimwita chef. Aliangalia, akavua kofia, akaanza kuomba kwa sauti ya chini, mkono mmoja juu ya mashine.

"Ni huyu muzee," akasema alipomaliza. "Alituachia kintu hapa. Tuite batumishi ba Mungu, tufunge siku tatu."

Nikiri jambo moja: nilitamani iwe hivyo. Ingekuwa nafuu kubwa. Uchawi wa mzee ungekuwa kosa la mzee. Nilisimama pale nikiwa na vipande viwili mkononi, na kwa muda mfupi mimi, mtu wa karatasi, niliamini kabisa kwamba kuna kitu kimelala ndani ya rafu zetu.

Kisha nikaweka kipande kimoja chini ya hadubini, kwa mazoea tu, kwa sababu mikono yangu haikujua kufanya jambo jingine. Chuma kinachovunjwa kwa nguvu huvutika kwanza, kinaacha midomo. Hiki hakikuvutika hata kidogo. Ndani kilikuwa punje punje, kinameta kama sukari ya chengachenga. Nilikuwa nimewahi kuiona picha ya namna hiyo. Nikavuta droo, nikatoa daftari langu la chuo, lile la mwaka wa mwisho, na nikaikuta katika hati yangu mwenyewe: mapovu ya beseni ni gesi, na sehemu ya gesi hiyo haipandi juu, inaingia ndani ya chuma. Chuma kikali sana kikinywa gesi hiyo, lazima kipashwe moto mara tu kinapotoka, saa nyingi, ili gesi itoke. Kisipopashwa, kitavunjika chenyewe baadaye, bila onyo, hata kama ngozi yake haina kasoro. Pembeni mwalimu alikuwa amenipa alama zote.

Chuoni jambo hilo lilikuwa na jina la Kifaransa. Hapa lilikuwa na blanketi. Mzee alifanya bila kujua sababu, na mimi nilijua sababu bila kutambua kwamba ndicho anachofanya, kwa kuwa sikuwahi kukubali kumwuliza vizuri, naye hakukubali nivuke mlango. Na nilikuwa nimempima kwa mashine isiyoweza kuona kitu hicho, kisha nikaweka mkono wangu.

Fimbo ya kaka yangu ilitoka beseni moja na kisahani hiki, siku moja, na ilikuwa imekazwa tangu Jumamosi.

Nilimpigia simu. Haikupatikana, kule shimoni mtandao ni wa kubahatisha. Nilipiga tena na tena nikiwa tayari natoka nje.

"Mama, tuombe kwanza," chef akaniita.

"Omba, chef. Minye naenda."

Nilichukua pikipiki ya kwanza niliyoiona, nikamwambia dereva aendeshe apendavyo. Sikumbuki njia. Nakumbuka tu kwamba kila lori lililotupita lilikuwa na fimbo zinazong'aa chini ya sanduku lake, zikitoka na kuingia, na kwamba sikuwa nimewahi kuzitazama.

Kaka yangu alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha winchi, ndani ya kibanda cha mabati, anakula karanga. Kikapu kilikuwa juu, kitupu, kimeshikwa na breki. Cheti changu kilikuwa ukutani, kimebandikwa kwa gundi kwenye pembe zote nne.

"Mudogo! Kuko nini? Mama anagonjwa?"

"Batu beko wapi?"

"Beko chini. Nane. Tangu asubuhi."

Nikamwambia breki itavunjika. Akaacha kutafuna. Akaitazama fimbo, imenyooka, inang'aa, haina hata mkwaruzo, kisha akatazama cheti.

"Weye mwenyewe njo ulisinya hii, uliweka mukono."

"Najua."

"Hii namba ni ya bongo, ya kudanganya?"

"Hapana, yaya. Namba ni ya kweli."

"Sasa?"

Nilifungua kinywa nimwelezee gesi na punje punje, na mapovu, na nikaona kwamba mpaka nimalize, huenda breki ikawa imekatika na watu wanane wangali chini. Nikasikia kinywa changu kikisema, "Chuma ni mugonjwa, yaya. Hatukukifukiza."

Akaweka karanga zake chini. Baba yetu naye alifanya kazi na wazee wa namna ile, na labda kaka yangu alilijua neno hilo tangu zamani, sijui. Alifuta mikono kwenye suruali.

"Batapanda na nini?" akauliza. "Njia ni hii tu."

Hakuna ngazi katika shimo lile. Kuwatoa ilibidi kutumia breki ileile. Kawaida alipandisha wanne wanne. Akakata shauri kuwapandisha mmoja mmoja, mzigo uwe mdogo. Alipiga kengele ya kuwaita, akaniambia nisimame karibu na fimbo na nipige kelele nikiona chochote. Nikamwambia hakuna kitakachoonekana.

"Basi sikiliza," akasema.

Nikasikiliza. Kikapu kilishuka, waya ukilia juu ya gurudumu lake, kikasimama. Mtu akaingia. Kikapanda. Kila kilipofika juu kaka yangu alivuta breki ili mtu atoke, na uzito wote uliokuwa juu ya shimo ukahamia kwenye fimbo yangu. Mtu wa kwanza alitoka akilalamika amekatiziwa kazi. Wa pili alitania kwamba winchi imeoa mke mpya. Kati ya wa nne na wa tano ikafanya: tik. Kaka yangu alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Akashusha kikapu tena, kwa kuwa wanne walikuwa bado chini.

Wa tano. Wa sita. Sijui kusali kwa vituo, lakini siku ile niliwaambia watakatifu wote ninaowajua washike kila mmoja kidole kimoja cha waya. Wa saba alikuwa mnene, na ilifanya tik mbili alipokuwa anavuka ukingo. Wa nane alikuwa mzee mwenye kikohozi, alitoka taratibu, akageuka kuchukua koleo lake kikapuni, na mimi nikamfokea kwa tusi ambalo sikuwahi kumtolea mtu mzima. Akaliacha koleo.

Basi. Walikuwa nje wote nane, na hakuna kilichovunjika. Walinitazama kama mwendawazimu anavyotazamwa. Msimamizi wa mgodi alifika, akataka kujua nani atalipa nusu siku iliyopotea, na kaka yangu akamjibu kwa upole kwamba amhesabie yeye. Wachimbaji walikaa chini ya kivuli cha bati, wakafungua bukari yao na sombe, ugali na kisamvu, na kwa kuwa hawakuwa watu wabaya wakanikaribisha nile. Sikuweza kumeza. Nilianza kuona aibu. Nilianza hata kujiuliza kama nimempotezea kaka yangu kazi kwa ajili ya kisahani kimoja.

Hapo ndipo fimbo ilipokatika. Haikuwa sauti kubwa, ukuni mkavu tu uliovunjwa kwenye goti. Hakuna aliyekuwa karibu nayo. Kikapu kitupu, pamoja na koleo la mzee, kikazama ndani ya shimo, waya ukikifuata na kupiga kelele, na tukakisikia kikigonga ukuta huu na ule, kikigonga tena mbali zaidi, halafu kimya, halafu kimya kikaendelea mpaka nikadhani shimo lile halina mwisho, ndipo kikafika.

Yule mzee mwenye kikohozi alikuwa ameshika tonge karibu na mdomo. Alilirudisha kwenye sahani, akalifunika kwa mkono.

Kaka yangu aliingia kibandani. Nilidhani anakwenda kung'oa cheti, nikajiandaa. Alirudi ameshika funguo za pikipiki yake. Uso wake haukuwa na hasira wala shukrani.

"Zenye hamukufukiza," akasema. "Ngapi?"

Sikuhitaji daftari. "Kumi na tisa. Na hii."

"Banunuzi, uko na majina yabo?"

"Wengine. Wengine walilipa wakaenda."

"Panda," akasema.

Tulianza na pampu ya mtu mmoja mjini, kisha malori mawili, kisha jeki ya gereji ambayo fundi alikuwa amelala chini yake tulipofika. Ilituchukua wiki. Tulitukanwa, mara mbili tulifukuzwa na mbwa. Nyingine tulizikuta zimeshavunjika, na wenyewe walidhani ni bahati yao mbaya. Chef, nampa haki yake, alilipia zote, akaliwasha tanuru kwa mkono wake, na akatuma gari Tshangalele kumwomba radhi mzee. Mzee alirudi siku moja tu. Alinipeleka mwenyewe mpaka chumba cha nyuma, akanivusha mlango, akanionyesha jinsi ya kuzipanga zisigusane, akaenda zake. Hakuchukua nauli.

Kati ya zile kumi na tisa tulizipata kumi na sita. Tatu hatukuzipata, wala sijui kama ziko juu ya watu au chini yao.

Kaka yangu anaendesha winchi nyingine sasa. Tunakutana kila Jumapili mlangoni mwa kanisa, na kabla hajanisalimu, kabla hajaniuliza habari za watoto, ananiuliza.

"Tatu?"

"Tatu," namjibu, halafu tunaingia.